Kompyuta Iliyoaga Kwanza

Wafu wa ukoo wamesingiziwa mengi hapa Mpofi: mvua kukatika, mbuzi kuharibu mimba, hata penalti iliyopaa juu ya goli. Lakini kuzima kompyuta, hilo lilikuwa jipya.

Kompyuta ilikuwa ya Kétsia. Alikuwa akiandika kazi yake ya mwisho ya chuo, juu ya desturi za wawindaji wa Walikale, na Jumamosi ilikuwa siku ya kuikabidhi. Alikuwa amefika sura ya tatu, yenye maneno ya siri yanayosemwa mtegoni, na kila alipozama kuandika, kompyuta ilijizima. Maneno hayo alipewa na kaka yake Akilimali, mwindaji na mwimbaji wa kwaya, aliyeyatamka kwa hiari yake mbele ya simu inayorekodi.

"Mababu wamekataa, dada," Akilimali alimwambia. "Futa ile sura, utakuwa na amani."

Kétsia alikaidi wiki mbili. Alibadilisha chaja, akapuliza vumbi, akaiinua juu ya matofali mawili ipate hewa. Wapi! Jumatano akachoka, akafuta sura pamoja na sauti zote za simuni, huku Akilimali amesimama kando yake akisali Baba Yetu. Kesho yake kompyuta ikajizima tena. Hapo akili ikamrudia: kama ni mababu, si wamekwisha kupata walichotaka?

Akaibeba hadi kwa Mama Kavuo, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza sabuni mbele na kutengeneza mashine nyuma. Mama Kavuo aliiwasha, akaweka kiganja chini yake, akangoja. Dakika ishirini, ikazima.

"Iko baridi," alisema. "Na uliona maandiko yenye ilitokea mbele izime?"

"Ile ya *Arrêt en cours*, ya kusema inajizima? Inatokeaka kila mara."

"Basi, mwanangu, mashine ikikufa na moto inakatika tu, haiage mutu. Hii inaaga kwanza. Kuko mutu aliituma izime."

Akaiwasha upya, akafungua orodha ya kazi zilizopangwa. Amri ilikuwepo: zima kila baada ya dakika ishirini. Chini yake, jina la aliyeiweka: Akilimali. Tarehe ilikuwa ya Jumapili kabla ya matatizo kuanza, alipoazima kompyuta na kujifungulia akaunti yake apige chapa nyimbo za kwaya.

Sura iliyopotea ilimuuma Kétsia, ndiyo, lakini ile sala ilimuuma zaidi.

Alimkuta Akilimali uani, akimenya mihogo na mkewe.

"Kaka, ni weye uliweka ile kitu mu mashine?"

Akilimali aliinamisha kichwa. "Wazee wa kundi yetu ya wawindaji walisikia nilisema maneno yetu mu simu. Walitaka kunifukuza."

"Ungeniambia! Ningefuta siku ileile."

"Nilisikia haya, dada."

"Haya! Ulisikia haya ya kuniambia, haukusikia haya ya kumuita Mungu. Mimi ninafuta na kidole yangu, weye unasali!"

Kisu cha Akilimali kilikuwa kimesimama katikati ya muhogo. Mkewe alisogeza kigoda.

"Ikaa basi, dada," Akilimali akasema kwa sauti ndogo. "Tukule."

"Aksanti, Papa Akilimali," Kétsia alimjibu, akimwita kama anavyoitwa mwanaume yeyote unayekutana naye njiani, kisha akaenda kumalizia kazi yake yenye sura mbili.