Jaribu Kwanza Bila Kusakinisha

Kompyuta ya Mwalimu ilichukua dakika ishirini na tano kuwaka, naye alikuwa ameacha kuzilalamikia, kwa kuwa hizo ndizo dakika pekee za siku alizokaa kitini bila mtu kumuuliza kitu. Alibonyeza kitufe, akaweka chai kando ya kibodi, akakitazama kile kiduara kikizunguka kwenye skrini. Kompyuta ilipokuwa tayari, chai ilikuwa imekwisha kupoa. Siku nyingine aliinywa hivyohivyo, siku nyingine aliisahau.

Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Alipostaafu, mchapishaji mmoja wa vitabu vya shule akawa anamtumia miswada aihariri nyumbani, na kazi hiyo aliipenda. Lakini miezi kumi na moja iliyopita mumewe, fundi saa, alianguka bafuni kwa kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuza, na maneno, ambayo hata zamani hakuwa nayo mengi, yakabaki ya kuhesabika. Tangu hapo kila swali la nyumba ile lilikuja kwa Mwalimu. Daktari alimuuliza yeye. Mwenye nyumba alimuuliza yeye. Fundi bomba alisimama jikoni na koki mbili mkononi, akamuuliza afunge ipi, naye hakuona tofauti yoyote, akaonyesha ya kushoto.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kukifagia kibanda cha mumewe, kijumba chenye upana wa mlango mmoja kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya umeme na fundi cherehani. Alifungua kufuli, akafuta vumbi kwenye kioo cha meza, akapanga bisibisi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa, akafunga. Fundi cherehani alimuuliza hali ya jirani yake, na kila wiki jibu lilikuwa lilelile, kwamba anaendelea vizuri, akipata nguvu atarudi. Alikwisha kulisema mara nyingi mno, hata hakujua tena kama analiamini au amelikariri.

Siku kompyuta ilipokataa kabisa kufungua mswada mpya, alimpigia simu mdogo wake. Huyu alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, mwanamke asiyezunguka maneno, maana kazi yake ilikuwa kutazama damu za watu na kusema kilichomo. Alikuja Jumapili baada ya zamu, flashi mbili mfukoni. Aliiwasha kompyuta, akangoja dakika zake zote ishirini na tano bila kukaa, kisha akaeleza kuwa mfumo uliokuja na mashine ile umezeeka, wenyewe wameacha kuutunza, na hakuna dawa ya kuuamsha.

"La kuvunda halina ubani, Dada," alisema. "Tuweke mfumo mwingine. Huu hapa ni Linux, ile ya wanaoanza. Pale kazini tumeuweka kwenye kompyuta mbili zilizokuwa zinangoja kutupwa."

Mwalimu alisema hana nguvu za kujifunza kitu kipya. Mdogo wake akajibu kuwa leo hajifunzi chochote. Unachomeka flashi, unawasha, mfumo unafanya kazi palepale kwenye flashi na wewe unautazama tu. Usipokupendeza unauchomoa, na kompyuta inabaki kama ilivyokuwa. Unajaribu kwanza bila kusakinisha. Mwalimu akawaza kwamba ni mambo machache sana maishani mwake yaliyomjia kwa sharti la namna hiyo, akasogeza kiti.

Skrini ilikuwa nyeusi, ikamwaga mistari ya herufi ndogo, na kabla chai haijaacha kutoa moshi mfumo ulikuwa umekwisha kufunguka. Waifai haukuiona, kwa hiyo mdogo mtu akaunganisha simu yake kwa waya, wakapata mtandao wa kuombaomba. Kwenye orodha ya lugha kulikuwa na Kiswahili, na hapo Mwalimu akachangamka kidogo. Menyu zilikuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Kitu kilekile mahali pamoja kiliitwa faili, mahali pengine jalada, pengine tena jarada. Mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta kalamu nyekundu. Mdogo wake alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Fundi, mume wa Mwalimu, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tangu augue alikuwa mtu wa kutazama barabara, lakini siku hiyo alikuwa amegeuka, anatazama skrini. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kipanya. Shemeji yake alimsogezea bila kuuliza, akaingia kwenye mipangilio, akavibadilisha vitufe vimfae mtu wa mkono wa kushoto. Mshale ukayumba skrini nzima, ukapotea pembeni, ukarudi. Baada ya muda Fundi akawa ameufungua mchezo wa karata, anapanga nyekundu juu ya nyeusi polepole. Dada wawili wakatazamana, kisha wakaendelea na habari za waya.

Kabla ya kuondoka, mdogo wake alinakili miswada na picha za Mwalimu kwenye flashi ya pili, akisema hamadi kibindoni. Akaacha maagizo mawili. La kwanza, wasisakinishe mpaka yeye arudi Jumapili ijayo. La pili, mfumo ulio kwenye majaribio hauna kumbukumbu, ukizima umesahau kila kitu, kwa hiyo kazi yoyote aihifadhi kwenye ile flashi ya pili. Mwalimu aliitikia yote mawili, huku akili yake iko kwenye dawa za saa nane.

Siku ya Alhamisi aliketi akahariri sura nzima ya mswada. Ilikuwa kazi safi, ya mtu aliyepata saa nne za utulivu, na kompyuta haikumkwaza hata mara moja. Aliihifadhi pale mezani kwenye skrini, mahali inapoonekana, akazima, akaenda kumkanda Fundi bega. Ijumaa alipowasha, meza ilikuwa tupu kama siku ya kwanza. Alitafuta kwenye mafaili, majalada na majarada. Kisha akakumbuka agizo la pili. Hakumpigia mdogo wake simu. Alikaa akiitazama picha ya milima iliyowekwa nyuma ya menyu, na alichowaza ni kwamba sura ile ataisoma tena, na mara hii hatakuwa na hamu nayo.

Ndiyo sababu Jumamosi, alipotoka kufagia kibanda, aliamua kusakinisha mwenyewe. Fundi alimfuata mezani akiburuza mguu, akakaa kando yake kungoja zamu yake ya karata.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawakusema kwamba anayemuuguza ndiye huulizwa kila kitu. Kompyuta ilimuuliza lugha, akaijibu. Ilimuuliza kibodi yake ni ya aina gani, na kati ya aina arobaini akachagua ile iliyokuwa imekwisha kuchaguliwa. Ilimuuliza kama anataka viongezwe vitu vya kuchezea muziki na video. Alibonyeza ndiyo, asijue ameitikia nini. Ndipo likaja swali kubwa. Je, mfumo wa zamani ubaki, na huu mpya uwekwe kando yake, au diski ifutwe yote? Chini yake kulikuwa na onyo kwamba kilichofutwa hakirudi.

Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya, akaweka mikono yote miwili mapajani. Alijua kwamba kazi zake ziko salama kwenye flashi. Alijua pia kwamba mdogo wake angesema jambo la kueleweka kama angempigia. Lakini lilikuwa swali, na lilikuwa limemkuta mtu ambaye maswali yamemfika shingoni. Hakulia, kwa sababu kulia nako kunataka nguvu. Alikaa tu. Skrini ikafifia, ikazimika yenyewe kwa kungoja, akaigusa ikawaka, na swali lilikuwa palepale.

"Futa," alisema Fundi.

Mwalimu alimgeukia, akamuuliza kama ana hakika.

"Futa yote."

Kwa miezi kumi na moja mtu huyu hakuwa amemwamulia jambo lolote, hata rangi ya shati. Mwalimu akabonyeza haraka, kabla bahati hiyo haijaghairi. Baada ya hapo yaliyobaki yalikuwa mepesi. Kompyuta ilimwonyesha ramani ya dunia aguse anapoishi, ikaomba jina na nywila, ikaanza kazi. Dakika kumi na tano baadaye ilikuwa imewaka upya bila flashi, nyepesi, kama iliyovua koti la mvua. Alimwachia Fundi karata zake, akaenda kuosha vyombo.

Alikuwa na sufuria mkononi alipokumbuka. Kwenye mfumo wa zamani Fundi alikuwa na upande wake mwenyewe, wenye nywila yake. Huko ndiko kila jioni, kwa miaka kumi na tisa, alikoandika daftari lake la saa, yaani nani ameleta saa gani, ina ugonjwa gani, imetengenezwa lini. Alilihamisha kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kupoteza mstari. Mdogo wake Mwalimu alikuwa amenakili upande wa Mwalimu tu. Kibandani bado kulikuwa na saa za watu ambazo hazijachukuliwa.

Alirudi sebuleni, povu bado liko mikononi.

"Fundi," alisema, "daftari lako la saa lilikuwa humo."

"Najua."

"Ulijua, ukaniambia nifute?"

Fundi aliachia kipanya. Maneno yake sasa yalitoka moja moja, kama skrubu ndogo anazochomoa mtu asiyetaka zianguke.

"Sirudi, Mwalimu," alisema. "Jumamosi, usiende tena."

Hapo hasira ikampata Mwalimu, ile ya mtu aliyechoka, isiyo na sauti. Alimweleza kuwa amekwenda kule Jumamosi zaidi ya arobaini. Amekwenda kwenye jua na kwenye mvua, amekwenda siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa na homa, amempangia vyuma vyake mmoja mmoja ili akirudi avikute kama alivyoviacha. Kama hataki, kwa nini hakusema?

"Nilisema," alijibu Fundi. "Funga."

Mwalimu alisimama pale, maji yakimtiririka viwikoni. Ni kweli alikuwa akisema. Jumamosi nyingi, yeye akiwa mlangoni na funguo mkononi, Fundi alisema kutoka kitini, funga. Na kila mara Mwalimu alirudi ndani, akafunga dirisha lililokuwa nyuma yake, akamfunika miguu, akaenda zake. Mtu aliyekuwa akiwaambia wanafunzi kwamba kitenzi bila yambwa yake kina maana nusu hakuwahi kumuuliza mumewe, nifunge nini?

Alikaa kwenye mkono wa kochi. Alitegemea kwamba huzuni itakuja, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa ya kuhuzunisha. Kilichokuja ni usingizi. Alimwambia Fundi kuwa anajinyoosha kidogo tu, na akaja kuamka jua limehamia ukuta wa pili, vyombo viko vilevile kwenye karai, na Fundi amemfunika taulo, kwa kuwa ndiyo aliyoweza kuifikia.

Jumapili mdogo wake alifika, akakuta kazi imekwisha. Alimsema dada yake kwa kukiuka agizo la kwanza, na alipopata habari ya Alhamisi akamsema na kwa agizo la pili, lakini aliposimuliwa lile neno funga aliacha kumsema, akaigeukia kompyuta. Alipakua programu iliyokuwa inakosekana, waifai ikashika. Printa ilimshinda. Ilikubali kila amri, ikavuta karatasi, ikaitoa nyeupe. Mchana dada wawili wakaenda kibandani na sanduku la vitabu, wakapakia bisibisi, vibano, lenzi ya jichoni na kopo la betri, wakamkabidhi fundi cherehani funguo ampelekee mwenye kibanda. Fundi cherehani aliuliza hali ya jirani yake, kama kawaida.

"Hatarudi," Mwalimu alisema. "Anakusalimu."

Yule bwana alivua futi ya kitambaa shingoni, akaikunja taratibu, akasema alikuwa anajua, ila hakutaka kuwa wa kwanza kulisema.

Saa zilizosalia zilikuwa tisa. Mwalimu alizipanga mezani mbele ya mumewe, akafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta. Fundi alichukua moja moja kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya kifuniko. Ya kwanza ilimchukua muda mrefu mpaka mdogo mtu akaanza kutaka kumsaidia, na Mwalimu akamzuia kwa macho. Kisha likatoka. "Mwoka mikate." Ya pili ilikuwa ya dereva wa lori, yule mrefu. Ya tatu ya muuguzi mstaafu, aliyeirithi kwa baba yake. Mwalimu aliandika, na kompyuta ikapigia mstari mwekundu kila neno, kwa kuwa kumbe haikuwa imefundishwa Kiswahili cha kutosha kujua mwoka mikate ni nani.

Kufika jioni walikuwa na wenye saa saba. Mbili zilizobaki Fundi alizigeuza sana, akaziweka sikioni ingawa zote zilikuwa zimesimama, akatikisa kichwa. Mwalimu aliandika vibandiko vya zile saba kwa mkono, kwa sababu ya printa. Ilimchukua wiki tatu kuzirudisha. Mwoka mikate alikuwa ameshanunua nyingine, na dereva alikuwa amehama, ikapokelewa na mkewe. Mbili zile bado hazijapata wenyewe.

Mswada ulikwenda ukiwa umechelewa siku kumi, pamoja na barua ya kuomba radhi ambayo Mwalimu aliiandika mara mbili. Mchapishaji alimtumia mswada mwingine, wa darasa la sita, kurasa mia mbili na kumi, akauliza kama utakuwa tayari mwisho wa mwezi.