Mjane Mwenye Mume

Biasha alikuwa na miaka hamsini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakupata kufanya jambo la kuandikwa. Alizaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Nachingwea, akaolewa nyumba ya tano kutoka kwao, akazaa watoto watatu, wakakua, akalima. Ufuta wake ulikuwa mzuri. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili ukawa mzuri, na kufikia mwaka wa sita shirika moja la kilimo likaona limtume mtu kutoka Dar es Salaam aje kuandika jinsi mama huyu alivyofanikiwa.

Mtu mwenyewe aliitwa Eusebio, wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye adabu, kamera begani. Alikaribishwa mkekani, akapewa korosho. Katika daftari lake alikuwa na duara lililochorwa kwa kalamu ya bluu, na kulizunguka kulikuwa na maneno. Duara hilo alilipata semina ya Morogoro, na tangu semina hiyo alikuwa haandiki habari za mtu bila kulifungua kwanza.

"Mama," alisema, "hadithi zote za dunia ziko hapa. Shujaa yuko kwao. Anaitwa. Kwanza anakataa. Anapata wa kumsaidia, anatoka, anapita kwenye mateso makubwa, karibu afe. Halafu anarudi kwao na zawadi. Mimi nitauliza tu, wewe unajibu."

Biasha alilitazama lile duara. Hadithi alizozijua yeye ni za bibi yake, kwa Kimwera, na katika hizo mtu aliyetoka kwao mara nyingi aliliwa njiani, hadithi ikaisha, watoto wakalala. Lakini alimsogezea mgeni korosho, asije akamvunja moyo mapema.

"Uliitwaje?" Eusebio aliuliza.

"Mtendaji alipita na kipaza sauti. Alisema bwana shamba amekuja, twende ofisini."

"Ukakataa."

"Sikukataa. Walisema kutakuwa na soda."

Eusebio aliandika, halafu akakata. "Lakini moyoni uliogopa."

"Soda?"

"Adui yako alikuwa nani, mama?"

Biasha alifikiri kwa dhati, maana alitaka kusaidia. "Panya. Na mwaka mmoja mvua ilichelewa."

"Mtu, mama. Aliyekucheka."

"Hakuna aliyenicheka. Kila mtu alikuwa shambani kwake."

Mohamedi, mumewe, alikuwa kwenye kigoda kando yao akipachika mpini wa jembe. Aliona mgeni anahangaika, akamhurumia. "Mwandishi, siri ni mistari," alisema. "Ufuta ukiumwaga ovyo unasongamana, unarefuka mwembamba hauna kitu. Sisi tunavuta kamba, mimi nashika huku, yeye kule. Mbegu tunachanganya na mchanga, maana ni ndogo. Miche ikifika urefu wa kidole, unang'oa mingine unaacha nafasi. Hakuna kingine."

Eusebio alimsikiliza kwa heshima yote mpaka mwisho, na kalamu yake haikugusa karatasi. Kwenye duara hapakuwa na mahali pa kamba.

"Umewahi kwenda mbali, mama?"

"Ruangwa. Kuna dada yangu Hafidha, kaolewa kule. Nilikwenda kwenye harusi ya mwanawe, nikakaa siku tatu. Wakati wa kurudi akanifungia mbegu ya ufuta kwenye pindo la kanga. Ilikuwa nyeupe kuliko yetu."

Eusebio aliweka kalamu chini, akamshika mkono kama mtu aliyepokea habari ya kupona kwa mgonjwa wake.

Kesho yake alimpakia kwenye gari la shirika wakaenda mpaka njia ya Ruangwa, mahali penye vumbi, pasipo na nguzo za umeme. Biasha aliombwa avue viatu, akapewa furushi, akaambiwa atembee akitazama mbali. Alitembea mara sita. Mara ya saba Eusebio alimwomba afikirie jambo la kuhuzunisha, na Biasha akafikiria maharage aliyoyaacha jikoni na Mohamedi, mtu asiyejua kuongeza maji. Uso ukatoka vizuri sana.

Jioni walipiga picha shambani. Mohamedi alikuwa amejitayarisha tangu adhuhuri, kanzu na kofia. Eusebio alimwomba, kwa adabu, asogee kidogo. Alisogea. Akaombwa tena kidogo, na tena, mpaka akajikuta nyuma ya mkorosho, na huko akakaa mpaka kazi ilipokwisha.

Filamu ilikuja kwenye simu baada ya miezi miwili. Ilikuwa ya dakika tano, na muziki wake ulikuwa wa msibani. Sauti nzito ya mwanaume ilisema kwamba Biasha alipobaki peke yake, wengi walidhani ndio mwisho wake, lakini alijitwika furushi akatembea kwa miguu kwenda Ruangwa kutafuta mbegu. Akaonekana Biasha kwenye vumbi. Akaonekana anarudi, majirani wanampigia vigelegele. Hao majirani walikuwa wameambiwa wapige, wakapiga.

Mohamedi aliitazama mara mbili. "Mbona mimi simo," alisema.

"Uko nyuma ya mkorosho."

"Mkorosho wenyewe haumo."

Wiki hiyo hiyo Hafidha akapiga simu kutoka Ruangwa, analia. Aliyepokea ni Mohamedi.

"Nipe dada yangu," alisema Hafidha, ambaye kwa kilio hakutambua sauti. "Shemeji amefariki, hamniambii, naona kwenye simu za watu dukani."

"Shemeji yupi?"

"Mohamedi."

Mohamedi aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Mohamedi ni mimi," alisema.

Simu ikakatika, na ilipita siku nzima kabla Hafidha hajapata moyo wa kupiga tena. Sokoni Nachingwea mwanamke ambaye Biasha hakumjua alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama eda aliimaliza salama, maana alimwona kwenye filamu anazurura barabarani. Biasha akarudi nyumbani, akampigia Eusebio.

"Mwanangu, umeniulia mume."

"Mama, sisi hatukusema amekufa. Sikiliza vizuri. Tumesema ulibaki peke yako. Siku ya kwanza kupanda ile mbegu, mzee alikuwa wapi?"

"Msikitini. Ilikuwa Ijumaa."

"Basi ulibaki peke yako."

"Mpaka saa nane."

Eusebio alivuta pumzi. "Mama, mume akiwemo, watu wanasema mume ndiye aliyefanya. Mimi nilitaka waone ni wewe."

Hilo Biasha alilielewa, kwa sababu alikuwa amewaona wanawake wengi wakilima na sifa zikichukuliwa na mtu aliyekuwa kijiweni. Lakini Mohamedi hakuwa kijiweni. Biasha alikata simu akiwa na hasira isiyojua imwendee nani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: Mohamedi akitoka, yeye huifungua ile filamu peke yake. Yule mwanamke wa kwenye vumbi, peku, anayetazama mbali, alimpendeza. Alionekana ni mtu anayejua anakokwenda. Biasha alijiuliza kama kweli sura ile ni yake, na akatamani iwe yake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mavuno yameshatoka, alialikwa Ruangwa kuzungumza na vikundi vya wanawake wakulima. Mohamedi alisema atamsindikiza.

"Kufanya nini?"

"Kuonekana," alisema Mohamedi.

Kwenye basi Biasha aliamua kwamba atasema kila kitu kilivyokuwa. Alijipangia maneno kichwani, akayapunguza, mpaka yakabaki machache ambayo hata akitetemeka hayatampotea.

Ukumbini walikuwa wanawake kama sitini. Filamu ilionyeshwa kwanza, ukutani, kubwa, na wengine wakafuta machozi. Mohamedi alikuwa amekaa nyuma. Mwanamke aliyekaa naye alimgeukia akasema, "Huyu mama kateseka jamani." Mohamedi akakubali kwamba kateseka.

Biasha akapewa kipaza sauti. "Mimi sikutembea kuja Ruangwa," alisema. "Nilipanda basi. Nilikuja harusini."

Wakacheka, wakampigia makofi. Walipenda watu waliofanikiwa wasio na majivuno.

"Na mume wangu hajafa," aliendelea. "Yuko hapa. Yule pale nyuma."

Mohamedi akainua mkono. Lakini kabla vichwa havijageuka vyote, mshereheshaji, mwanamke mwenye sauti ya kwaya, alikuwa ameshachukua kipaza sauti cha pili. "Mama anatufundisha jambo zito," alisema. "Waliotutangulia hawajafa. Wako hapa, pamoja nasi." Ukumbi mzima ukasema amina. Mohamedi akashusha mkono polepole. Biasha alipofungua mdomo tena, wimbo ulikuwa umeshaanzishwa, na akajikuta na yeye anapiga makofi.

Wakati wa mapumziko alitoka nje kutafuta hewa. Mwanamke mmoja akamfuata, mwembamba, wa miaka arobaini hivi, ana rozari shingoni. Alisema anaitwa Prisila, ametoka Chinongwe.

"Mimi ni mjane, mama. Mwaka wa tatu sasa," alisema. "Filamu yako waliileta ukumbi wa parokia. Nikasema, kama huyu kaweza, na mimi nitaweza. Nikaja Ruangwa kutafuta mbegu. Nikaja kwa miguu."

"Kwa miguu kutoka Chinongwe?"

"Basi lilinipita njiani, likasimama, nikaliambia liende. Nilijua ndivyo inavyotakiwa."

Biasha aliitazama miguu ya mwenzake. "Ukapanda?"

"Nikapanda. Gunia halikujaa."

"Ulipandaje?"

"Nilimwaga."

"Miche ulipunguza?"

"Kupunguza nini?" Prisila aliuliza. Aliposubiri asijibiwe, akaendelea kwa unyenyekevu. "Nimefikiri sana, nikaona labda sikuteseka vya kutosha. Nimepanga mwaka huu nitembee tena, nipite njia ya mbali zaidi. Nilitaka kukuuliza, wewe ulitembea siku ngapi?"

Hapo nje hapakuwa na mshereheshaji. "Prisila, mimi nilipanda basi," Biasha alisema. "Lile vumbi nilipelekwa na gari kupigwa picha."

"Ulisema mle ndani. Nilidhani unatutania."

"Ni kweli. Na mume wangu ni yule anayenunua muhogo."

Prisila alimtazama Mohamedi, aliyekuwa anachagua vipande vya muhogo wa kukaanga kwa makini ya mtu asiye na haraka. Alimtazama muda mrefu. Alipoongea hakupaza sauti.

"Miguu yangu ilivimba wiki nzima."

"Pole, mdogo wangu."

"Una mume, unaitwa mjane, watu wanakupigia makofi. Mimi nikiitwa hivyo shemeji zangu wanakuja kupima shamba." Aliishika rozari yake. "Umshukuru Mungu kwa huyo mzee. Na hilo jina uniachie mimi."

Biasha alikumbuka alivyokuwa akiifungua ile filamu kwa siri, akaona aibu hata ya mikono yake, hakujua aiweke wapi. Halafu akafanya jambo pekee alilokuwa na hakika nalo. "Baba Hemedy," alimwita mumewe, "acha muhogo, njoo."

Mwenye muhogo aliwaazima kamba ya katani aliyofungia gunia. Nyuma ya ukumbi palikuwa na kiwanja kitupu. Mohamedi alishika upande mmoja, Biasha mwingine, wakaivuta chini, na Biasha akachora mstari kwa kijiti, akapima mkono, akachora wa pili. Prisila alichuchumaa. Aliuliza mchanga kiasi gani kwa mbegu kiasi gani, na Mohamedi akajibu. Aliuliza mche upi unang'olewa, mkubwa au mdogo, na Mohamedi akajibu hilo kwa kirefu, akaeleza na udongo, akaeleza na mwaka wa mvua nyingi, kwa sababu alikuwa amekaa na maneno hayo zaidi ya mwaka mzima na hapakuwa na aliyeyataka.

Wanawake wengine wakasogea, wanne, kisha kumi, kisha wengi. Mmoja alimuuliza Prisila kama mzee yule ni bwana shamba mpya.

"Huyu?" Prisila alisema bila kucheka. "Huyu ndiye marehemu."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka ndani, ambako mshereheshaji alikuwa anawasubiri watu kwa picha ya pamoja na hawaji.

Kwenye basi la kurudi Nachingwea Mohamedi alipangusa vumbi la magotini kwenye kanzu. Halafu akasema kwamba yeye kufa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba katika watu wote wale waliolia, hakuna hata mmoja aliyeuliza alikufa kwa nini.

"Ungewaambia nini?" Biasha aliuliza.

Alifikiri. "Ningesema presha," alisema. "Presha inaheshimika." Akaegemea dirisha akalala.

Eusebio alipiga simu wiki ile. Alikuwa amesikia kwamba mkutano ulifana na kwamba kuna mjane wa Chinongwe, wa kweli, aliyetembea kwa miguu. Aliomba namba yake. Biasha alimwambia atamuuliza mwenyewe kwanza. Alimuuliza, na Prisila akasema hapana, ana kazi ya kutayarisha shamba.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Prisila alipiga simu. Alikuwa amepanda kwa mistari, ndugu yake kashika upande wa pili wa kamba, pembe moja imeliwa na ndege, kwingine kumeota. Alitaka kujua kama miche imeshafika kipimo cha kupunguzwa. Biasha alijua hayo yote kwa kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo, akiwa anapeta mchele, kwa sababu Prisila alikuwa amepiga simu ya Mohamedi. Alisubiri kuona kama na yeye atapewa simu. Mohamedi alieleza yote mpaka yakaisha, akaaga, akaiweka simu mfukoni.

"Anakusalimia," alisema.

Biasha hakuwa na hakika kama ni kweli. Akaitikia salamu, akaendelea kupeta.