Mafundo ya Kushoto

Saa mbili na robo asubuhi, msimamizi wa karakana alifungua pampu iliyoletwa kubadilishwa beringi, akaona mafundo ya uzi unaofunga koili yamelalia kushoto. Mafundi wake wanne wa kusuka mota, yaani kuzungushia waya wa koili, wote hufunga kulia. Kadi ilionyesha kazi ni ya Mzee Waya, mmoja wao. Alifungua pampu nyingine mbili za mzee huyo zilizosubiri kuchukuliwa. Kushoto.

Alishuku mzee anasukiwa nje, na adhabu ya kupeleka kazi kwenye karakana nyingine ilikuwa kufukuzwa. Kwa wiki mbili alipekua mifuko ya mafundi kila jioni, na akamwagiza dada wa mapokezi, mpwa wa Mzee Waya, aandike kila kinachotoka mlangoni.

“Hakuna kilichotoka,” dada alisema, akimpa daftari.

“Basi nimemkabidhi fisi bucha. Unamficha mjomba wako.”

“Mlangoni si umeniweka wewe mwenyewe, bosi?”

Ijumaa saa tatu msimamizi aliweka mota tupu mbele ya mzee. “Suka nikuone.”

Mzee aliusogeza waya karibu na pua, akaukosesha tundu mara tatu. Mboni zake zilikuwa na ukungu.

“Nani anakusukia?”

Mzee aliuweka waya mezani.

“Mimi,” dada alisema kutoka mapokezi. “Mchana, mkienda kula. Tangu mwaka jana. Kanifundisha mwenyewe.”

Fundi wa meza ya pili aliangua kicheko. “Dada, kusuka unakokujua wewe ni nywele!”

“Na wewe bingwa, mbona mota zako zinarudi zikinuka moshi?”

Msimamizi alimuuliza dada nani kamtuma aseme kazi ni yake. Akamkalisha mezani asuke mota ileile, akafunga mlango wa stoo, akachukua simu yake na ya mjomba wake, akakaa hatua mbili kutoka kwake. Chakula kiliwapita wote.

Dada alimaliza saa tisa. Alitumia mkono wa kushoto. Mota ilipowashwa, kipimo kilitoa namba ileile kwenye nyaya zote tatu, kama inavyotakiwa. Msimamizi akaazima kipimo kingine. Namba ileile.

“Mzee atakuwa anatoa koili zilizoungua,” alisema hatimaye. “Wewe kaa hapo, kwa majaribio.”

“Majaribio gani tena?” mzee akauliza. “Mwaka mzima haijaungua hata moja.”

“Mzee, shukuru hujafukuzwa.”

Saa kumi na nusu mteja alikuja kuchukua pampu yake, mojawapo ya zile mbili zilizosubiri kuchukuliwa. Iliwashwa mbele yake, ikazunguka bila mtetemo. Akaipigapiga mgongoni kwa kuridhika.

“Fundi aliyeisuka ni nani, nimpe mkono?”

Msimamizi alimwonyesha. Mteja akamtazama dada, akaitazama pampu, mkono akautia mfukoni.

“Ifungueni nione ndani,” akasema.

Ikafunguliwa.