Ngazi za Marahaba

Saa mbili na nusu asubuhi Tabea Sumari alifika kwenye jengo moja la Ngarenaro akiwa na fimbo na bahasha ya kaki yenye karatasi za kiwanja chake cha Moshono. Ofisi ya mashauri ya viwanja ilikuwa ghorofa ya tatu. Shauri lingeitwa saa nne. Asipoonekana, kiwanja kingekwenda kwa Godwin, mtoto wa mdogo wa marehemu mumewe.

Lifti haikuwepo. Ngazi zilikuwa sitini, ila kila mzee alipoamkiwa akaitikia, moja iliongezeka mbele yake. Mlinzi alieleza hilo kama anayeelekeza choo.

"Usiitikie, bibi."

"Salamu nisiitikie? Mimi mbuzi?"

Kwao Umeruni, anayekuinamishia kichwa unamgusa utosini na kumwitikia. Ukimwacha hivyohivyo, umemlaani.

Kwenye ngazi ya kumi na mbili alikutana na mwanamume mwenye upara na shati jeupe, anashuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Wakaja wanawake wawili, kisha kundi la watu kutoka ghorofa ya pili, wote wenye adabu. Tabea alianza kukanyaga ngazi ambazo saruji yake ilikuwa bado mbichi. Akatazama juu. Mwenye upara alikuwa anashuka tena, ingawa hakuwa amempita akipanda.

"Wewe si umeshaniamkia?"

"Heshima haina mwisho, bibi."

"Nani kakutuma?"

Yule akacheka, akainamisha kichwa. Tabea aliutazama ule upara kwa muda. Bwana, akasali, nisije nikamlaani mtoto wa mtu kwa ajili ya kiwanja. Akaugusa.

"Marahaba."

Alifika saa tano kasorobo. Mlangoni palibandikwa tangazo: MPISHE MZEE. Karani, Ndeshi, alikuwa anafunga faili.

"Tumekuita mara tatu, mama. Hukuwepo."

"Nilikuwa kwenye ngazi."

"Ngazi si ofisi."

Godwin akatoka na karatasi yenye mhuri. Nyuma yake alikuja mwenye upara, amembebea koti. Godwin akasimama mbele ya Tabea, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Tabea aliacha mikono yote miwili juu ya fimbo. Godwin akaendelea kuinama, anasubiri, watu kwenye benchi wakitazama.

"Wazee wengine nao," Ndeshi alisema, "hata salamu hawaitikii."