Vidonge vya Piru

Mgeni alipiga makofi langoni asubuhi kubisha hodi, na Bi Deolinda akashangaa mbwa wake hakubweka.

"Chanjo ya kichaa cha mbwa, mama!" alisema binti mmoja mwenye kikasha cha barafu begani. "Naitwa Marisel, daktari wa wanyama. Una mbwa?"

"Ninaye Piru. Kwa lugha yetu maana yake mwembamba, ila ana tumbo kama la diwani. Ingia, hang'ati."

Marisel alicheka, kisha akaweka kikasha chini. Piru alikuwa akizunguka uani bila kutulia, ulimi nje, miguu ikimtetemeka. Binti alimgusa kifuani.

"Moyo unakimbia mno. Umempa nini?"

"Dawa ya mzio. Wiki nzima anajikuna hadi damu inamtoka. Alfajiri nilimpa kidonge kimoja, nikaona hakijamsaidia, nikaongeza viwili."

Deolinda alileta pakiti. Marisel aliisoma, akafumba macho.

"Mama, dawa ya mzio tupu mbwa anaweza kupewa, akishapimwa uzito na daktari akasema kiasi. Hii imechanganywa na dawa ya kuzibua pua. Hiyo inaua mbwa."

"Mbona mimi, muuza mitishamba sokoni, naimeza kila msimu wa vumbi!"

"Wewe si mbwa, mama."

Walimkimbiza kliniki kwa pikipiki ya Marisel, Piru katikati yao, amefungwa kwa shuka. Kabla ya adhuhuri alikata roho, kichwa kikiwa kiganjani mwa Deolinda. Tangu mumewe afariki, miaka kumi na mmoja, nyumbani walikuwa wao wawili tu.

"Nilivificha kwenye jibini," alisema. "Akanilamba vidole. Alidhani namwonea huruma."

"Ulikuwa unamwonea huruma."

Marisel hakumwambia asilie. Baadaye alisema taratibu, "Sokoni watu wanakuuliza dawa kila siku, mama. Waambie."

"Nitawaambia."

Kesho yake alikaa nyuma ya meza yake katika soko la Luque, akitwanga majani ya kutia kwenye tereré, kinywaji baridi cha mitishamba. Mama yake na bibi yake waliuza mitishamba hapohapo, na hakuna aliyewahi kutilia shaka mikono yao.

Akaja Bi Saturnina, mteja wa miaka ishirini.

"Shoga, mbwa wangu anajikuna kama ana deni na ngozi yake. Nimpe vile vidonge vyangu vya mafua?"

Angeweza kusema "usimpe" tu, yakaisha. Deolinda aliweka mchi chini.

"Usimpe. Mimi nilimpa Piru, nikamuua. Mpeleke kwa daktari kwanza."

Saturnina alimtazama, kisha akayatazama mafungu ya majani.

"Wewe? Na mimi nanywa majani yako bila hata kuuliza!"

Akahamia meza ya jirani. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamfuata. Alibaki msichana mmoja na kikapu chake.

"Samahani, bibi, sikusikia vizuri. Mbwa alifanywa nini?"

Deolinda alimsogezea kigoda. Akaanza kusimulia upya, tangu kidonge cha kwanza.