Pumzi ya Pua

Shemeji yangu tulimwita Pua, na pua hiyo ndiyo iliyoongoza kundi letu la muziki. Hakupunga mkono wala kuhesabu moja mbili kama watu wenye akili zao. Tukishanyanyua tromboni zetu nne mbele ya jeneza, alivuta pumzi kwa pua, fyoo, mpaka waombolezaji wa safu ya mwisho wakasikia, nasi tukaingia kwenye wimbo. Miaka kumi na tisa tumezika watu kwa mtindo huo.

Mimi, sauti ya pili, nilikuwa bingwa wa kumwigiza. Mazoezini, kwenye karakana ya fundi viatu, akienda msalani tu, nilivuta fyoo yake mpaka wenzangu wakashika mbavu. Nikawaambia siku nikikalia kiti cha kwanza, kile cha Pua, tutaanza kistaarabu.

Haya, kiti nikakipata. Bwana mkubwa alikufa Jumanne bila hata kuniaga. Dada yangu, mkewe, akaniita jikoni, macho makavu.

"Kaka, mpigieni ule wimbo wake wa taratibu. Mkiuharibu, usikanyage tena hapa."

Ule aliutunga Pua mwenyewe na, kwa unyenyekevu wake tunaoujua, utamu wote akaupa sauti ya kwanza, yaani yake. Sisi wengine tukaachiwa kuguna.

Siku ya maziko tukajipanga: mimi, fundi viatu, dereva wa lori, na kinyozi tuliyemwazima akae kiti changu cha zamani. Tukanyanyua tromboni. Tukasubiri.

Tukasubiri nini, jamani? Siku tatu nilijifungia chumbani na noti zote za wimbo nikazimeza, ila chumbani hakuna wa kumwanzishia. Nikatikisa kichwa kuwapa ishara ya kuanza, kistaarabu kabisa. Kinyozi akaingia peke yake, akatoa mlio mmoja, akanyamaza. Dada yangu akainua uso akanikazia macho.

Basi nikavuta kwa pua. Fyoo. Tukaingia wote wanne kama mtu mmoja, na dada yangu, ambaye tangu Jumanne hakuwa ametoa chozi, akaangua kilio. Nikaupiga mpaka mwisho huku namlilia yule mtu mwenye majivuno, kamasi zikinichuruzika, na hakuna aliyecheka.

Watu walipotawanyika, dada akanishika mkono.

"Alikuwa akikusikia, unajua. Alikuwa akisimama nje ya mlango wa karakana mpaka umalize kumwigiza ndipo aingie. Akirudi nyumbani ananiambia, nduguyo bado kidogo tu ataipatia fyoo yangu."