Waya wa Prosesa ya Pili

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Muchangi na mkewe Wambeti walikuwa kwenye benchi la zahanati ya kanisa, nje kidogo ya Manyatta, wakingoja dawa za moyo wa Wambeti. Dirisha la dawa halikumpa mtu kitu kama jina lake halionekani kwenye seva. Kwa mwezi mzima majina yanayoanza na N hadi Z hayakuwa yameonekana, na miguu ya Wambeti ilikuwa imevimba.

Seva ilikuwa ya msaada. Ilikuja na prosesa mbili lakini bila pawa saplai yake, kile kifaa cha kuigawia umeme, na kamati ikanunua ya kompyuta ya kawaida, ile ya vijana wa gemu, yenye taa za rangi. Kamati haikuwa na haraka ya kununua nyingine. Katibu aliitwa Gladwell na mwenyekiti Hezekiah, na majina yao yalionekana vizuri tu.

"Waya ya prosesa iko moja, na hii madabodi ya kubeba prosesa mbili inataka waya mbili," alisema fundi Kaimenyi wa Kiirua, akiwa amepiga magoti sakafuni, mashine ikiwa imezimwa. Alikuwa akijaribu kuugawa waya huo.

Muchangi alikuwa amepandikiza miparachichi kwa miaka thelathini, na hakuweza kuvumilia ukataji ule.

"Fundi, unakata kama mtu wa sukuma wiki."

Akatoa kisu chake, akakata waya kwa mshazari, akaunganisha, akazungushia nailoni ya kupandikizia. Baada ya dakika chache kiungo kilishika. Mashine ilipowashwa, prosesa ya pili ikawaka, majina ya N hadi Z yakatokea, na Wambeti akaitwa dirishani.

Kaimenyi aliangalia kipimo chake. "Mzee, hii pawa saplai haiwezi hiyo mzigo. Stima inatoka wapi?"

Jibu Muchangi alilipata kesho yake. Tawi lililopandikizwa hula kwenye shina la mti mwingine, na hapa shina lilikuwa shambani kwake. Mparachichi wa kwanza kando ya lango ulikuwa umekauka kutoka juu. Kila siku ya kazi ulikauka mmoja. Jumapili, seva ikizimwa, haukukauka wowote.

Alipopeleka habari kwa kamati, Gladwell alikuja na daftari, akahesabu miti iliyobaki, akapata arobaini na mmoja. Akasema hiyo ni afueni, sasa ombi la pawa saplai halisi lingeweza kungoja mwaka ujao.

"Huo wa kaburini usiuhesabu," Muchangi alisema. Waliupanda siku waliyomzika binti yao Ednah.

"Pole mzee, lakini si mimi nachagua," Gladwell alisema, akaiacha hesabu ilivyo. Ilimuuma Muchangi sana.

Siku moja alienda zahanati na kisu ili akate kile kiungo. Mlangoni alikutana na bibi Ruguru, mgonjwa wa kisukari, ambaye alimshika kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa dawa alizokuwa akipata sasa. Muchangi akarudi nyumbani na kisu mfukoni.

Jumanne ambayo ulikuwa umebaki mparachichi wa Ednah peke yake, Wambeti alikataa kuvaa viatu.

"Baba Ednah, mimi siendi. Wacha huo mti ukae."

"Uende, usiende, hiyo seva itaunywa tu. Ni vile wewe utakosa dawa."

Walienda. Wambeti aliitwa mapema, dawa zikatoka kamili. Waliporudi, majani makavu yalikuwa yamefunika kaburi lote. Wambeti aliyaondoa kwa mikono, akilia, kisha akaingia ndani akameza vidonge vya jioni.

Kesho yake seva iliwaka kama kawaida. Jirani yao Ndwiga aliita kutoka ng'ambo ya ua.

"Muchangi! Wewe ni mtu wa avokado. Hii ugonjwa ya kukausha mti kutoka juu inaitwa aje?"

Muchangi alikuwa akipangusa kisu chake. Alimtazama Wambeti, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya viazi, miguu yake imenywea na kurudi kawaida.

"Sijui," alisema.